Nimechora manga ya Tanga, naiuza Ohio, na maduka hayajui pa kuiweka. Naomba ushauri

Kalamu_Nyeusi (Columbus, Ohio)

Wakuu, habari za mihangaiko.

Mimi ni mtoto wa Tanga, Chumbageni, na huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Columbus. Usiku napanga mizigo ghalani kuanzia saa nne mpaka kunapambazuka, mchana nikiamka nakaa mezani kuchora. Nimemaliza juzuu ya kwanza ya hadithi yangu, manga (katuni ya mtindo wa Kijapani) ya kurasa 176, nyeusi na nyeupe, maneno ya Kiingereza. Inamhusu binti wa mvuvi anayesikia sauti ya silikanti, yule samaki wa kale ambaye wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa kwenye jarife tangu 2004.

Nachora kurasa mbili kwa wiki. Pigeni hesabu: wiki 88, mwaka mmoja na miezi minane, na hapo niombe nisiugue. Kule Japani mchoraji wa jarida la kila wiki anatoa kurasa kama 19 kwa wiki, ila ana wasaidizi wa kumchorea mandhari na kumwekea toni (vivuli vya nukta), na mhariri anayemfuata mpaka mlangoni. Mimi kila fundo la wavu nimelichora kwa mkono wangu. Nayasema haya mjue kwa nini yaliyonikuta dukani yameniuma.

Nilichapisha nakala 300 kwa dola 4.20 kila moja, jumla 1,260. Bei niliyoweka ni dola 12, kwa sababu manga iliyotafsiriwa kutoka Japani inauzwa hapa dola 10 hadi 12 na siwezi kuwazidi. Duka moja la vitabu likakubali nakala 20 kwa mali kauli: wao asilimia 40, mimi 60. Yaani kila kitabu kikitoka napata 7.20, nikitoa gharama ya uchapaji inabaki dola 3. Nikipitia kwa msambazaji anataka punguzo la asilimia 55, kwa hiyo napata 5.40, inabaki dola 1 na senti 20, na usafirishaji ni juu yangu.

Basi wiki ya kwanza wakakiweka rafu ya manga. Nikapita siku hiyo natoka kazini, nikakiona kimesimama katikati ya vitabu vya Kijapani, nikasimama pale dakika nzima. Wiki ya pili sikukikuta. Kijana wa duka akaniambia mteja amelalamika kwamba "hii si manga halisi, jamaa si Mjapani", wakakihamishia rafu ya katuni za mashujaa wa Kimarekani. Huko nako vitabu vya watu ni vikubwa na vya rangi, changu kidogo, kimemezwa. Mwezi wa pili nimekikuta rafu ya waandishi wa mjini, kati ya kitabu cha mapishi ya malenge na historia ya reli. Baada ya miezi mitatu wakanirudishia nakala 17, pembe zimekunjika na gundi ya bei iko kwenye jalada.

Nikajaribu tamasha la mashabiki, meza dola 250 kwa siku tatu. Nimeuza nakala 41. Toa uchapaji, toa meza, zimebaki dola 69 na senti 80, bado mafuta na maegesho. Jumamosi mchana akaja binti wa miaka kama 14, macho yanang'aa, jalada limempendeza. Akakichukua na kukifungua kwa nyuma, kama alivyozoea kusoma manga, kutoka kulia. Mimi nimechora kutoka kushoto, ndivyo Kiingereza kinavyosomeka. Kwa hiyo cha kwanza alichokiona ni ukurasa wa mwisho: ngalawa ya yule mvuvi imepinduka, kofia ya ukindu inaelea. Akaniangalia, akasema "oh", akakirudisha mezani taratibu kwa heshima na kuondoka. Nilikosa hata neno la kumwita.

Na kingine, ukurasa wa 43, bahari wakati wa usiku. Kwenye kompyuta ilikuwa safi. Kitabuni imetoka na mabaka ya mawimbimawimbi kama kitenge kilichochuja.

Maswali yangu: nifute neno manga kwenye jalada? Niigeuze isomwe kutoka kulia? Na juzuu ya pili niichapishe, au niiweke bure kwenye simu za watu nione? Maana tangu mwisho wa 2018 mtoto wa hapa akilipa dola mbili tatu kwa mwezi anasoma maelfu ya sura za Kijapani kihalali kabisa. Mimi na dola 12 zangu naingilia wapi?

Nawasilisha.

---

Mama_Rafu (Minneapolis)

Kalamu, ndugu yangu, pole. Mimi ni wa Mombasa, na kuanzia 2005 mpaka 2011 nilikuwa nikipanga rafu ya manga katika duka la vitabu hapa. Hilo la kuhamishwa kwa mashujaa, hata mimi nililifanya kwa mikono hii, kwa vitabu vya watu wengine, na sijivunii.

Wacha nikueleze tulikotoka, kwa sababu si wewe wa kwanza. Kampuni ya uchapishaji ya Tokyopop, Los Angeles, ndiyo iliyowafunza Wamarekani kununua manga kwenye maduka ya kawaida ya vitabu. Mwaka 2002 walianza kuchapa kutoka kulia kwenda kushoto, kitabu kidogo, bei dola 9.99. Wasichana walijaa sakafuni kwetu, miguu wameikunja, wanasoma. Mwaka huohuo wakaanzisha shindano la kutafuta wachoraji wa humuhumu, na miaka miwili mitatu baadaye vitabu vya hao wachoraji vikaja kwa mafuriko. Vingine vizuri kabisa. Dramacon ya Svetlana Chmakova ilianza 2005, juzuu tatu, ikaisha 2007. Hiyo nilikuwa nikiiweka mkononi mwa mtoto na hairudi.

Lakini vilikuwa vingi mno kwa wakati mmoja, na wanunuzi hawakuwa na namna ya kujua kipi ni kipi. Kitabu cha Japani kinafika na jina tayari: mtoto ameona katuni yake kwenye runinga, ameisoma kwenye mtandao. Halafu mchapishaji analipia leseni, tafsiri na kazi ya kuingiza maneno, basi. Kuchorwa kulishalipiwa zamani huko Japani. Cha mchoraji wa hapa lazima alipwe kwa kuchora kila ukurasa, kisha kiuzwe bei ileile, tena bila runinga nyuma yake. Hapo ndipo hesabu ilipokuwa inakataa, hata kwa kampuni kubwa.

Na maduka ya vitabu hapa hayanunui kwa kweli, yanaazima. Kisichouzwa kinarudishwa na duka linarejeshewa pesa yake. Nilikuwa nafunga maboksi ya kurudisha kila mwezi. Juzuu ya kwanza haikutoka, ya pili tunaagiza chache, ya tatu hatuagizi kabisa. Mchapishaji akiona hivyo anaikata. Off*Beat ya Jen Lee Quick ilikatwa baada ya juzuu mbili. Wasomaji wake walisubiri miaka mpaka kampuni nyingine ndogo ikaja kuimalizia. Nakumbuka msichana aliyekuwa akija kuulizia ya tatu kila majira ya joto. Tulimwona akikua mbele yetu.

Kisha 2008 Tokyopop wakapunguza watu na vitabu, 2009 Kodansha, wachapishaji wakubwa wa Japani, wakakataa kuwaongezea muda wa leseni, Februari 2011 maduka ya vitabu ya Borders wakaomba hifadhi ya kufilisika, na Mei mwaka huohuo ofisi ya Los Angeles ikafunga uchapishaji. (Walirudi baadaye, kwa kiasi.) Seven Seas, wachapishaji wengine, nao walianza 2004 na hadithi zao wenyewe, ila vilivyosimamisha nyumba ni vitabu vya leseni kutoka Japani.

Neno langu kuu kwako: usimpe mtu hakimiliki. Wachoraji wengi wa wakati ule waliimiliki nusu kwa nusu na kampuni, na kampuni ilipoyumba hadithi yao ikafungiwa ndani pamoja nayo. Mwaka 2008 kulitoka mkataba wa sura za majaribio uliomtaka mchoraji aachie mpaka haki zake za kimaadili, zile za jina lako kubaki kwenye kazi yako na kazi isiharibiwe. Wachoraji walipiga kelele kwelikweli. Wewe una nakala 300 na ghala la usiku, lakini binti wa mvuvi ni wako peke yako. Usimwachie mtu yeyote.

Neno manga ningelifuta.

---

Kivu_Lyon (Ufaransa)

Jambo wote. Kaka Kalamu, mimi ni wa Bukavu, niko Lyon. Kwa heshima yote kwa Mama Rafu, nakataa hilo la kufuta.

Huku kwetu jamaa anaitwa Tony Valente alikuwa akichora zile albamu kubwa za rangi za Kifaransa, akaacha, mwaka 2013 akatoa Radiant kwa wachapishaji Ankama: kitabu kidogo, nyeusi na nyeupe, kutoka kulia kwenda kushoto, kila kitu kama manga. Mwaka 2015 ikachapishwa Japani kwenyewe, na Oktoba 2018 runinga ya taifa ya Japani, NHK, ikaanza kuionyesha kama katuni. Na kabla yake kulikuwa na Reno Lemaire wa Montpellier, Dreamland yake inatoka kwa wachapishaji Pika tangu 2006. Madukani vyote vinakaa rafu moja na vya Kijapani, kwa alfabeti. Mimi nilisoma juzuu tatu za Radiant kabla sijajua mwandishi ni Mfaransa, na nilipojua nilizidi kumpenda.

Ila usiichukue Ufaransa na kuibandika Ohio. Hapa tangu sheria ya 1981 bei ya kitabu anapanga mchapishaji na duka haliruhusiwi kupunguza zaidi ya asilimia 5, kwa hiyo duka dogo la mtaani linaishi na muuzaji ana muda wa kukuambia "soma hiki". Na kuanzia 2021 mpaka mwanzoni mwa 2025 serikali iliwapa vijana wa miaka 18 euro 300 za mambo ya utamaduni, wakakimbilia manga. Msomaji wa hapa amezoea vitabu vya picha tangu babu yake.

Nilichotaka kusema ni hiki: Valente hakubandika neno, aliingia ndani ya umbo. Wewe una neno "manga" jaladani na mgongo wa kitabu wa namna gani? Una namba ya juzuu? Urefu wako na wa kitabu cha Kijapani viko sawa? Mtu anayepanga rafu anaona mgongo tu.

---

JichoLaMsomaji (Dallas)

Naongea kama mnunuzi. Siangalii pasipoti ya mchoraji. Sinunui juzuu ya kwanza ya mtu nisiyemjua kwa sababu nimeshaachwa njiani mara nyingi mno. Niambie hadithi ni juzuu mbili na inaisha, nakupa dola 24 leo.

Halafu kamtafute Odunze Oguguo, mzaliwa wa Nigeria, anayechora Apple Black. Kazi yake imetoka kwenye jarida la mtandaoni la Saturday AM, lililoanzishwa 2013 kwa ajili ya wachoraji wa namna yetu kutoka kila pembe, na tangu 2022 vitabu vyao viko madukani kupitia mchapishaji mkubwa. Njia ipo.

---

FundiWino (Toronto)

Mkuu Kalamu, mimi ni fundi wa mitambo ya uchapaji, niachie ukurasa wa 43.

Ulituma faili la kijivu, sivyo? Toni za manga ni nukta nyeusi juu ya nyeupe, hakuna kijivu ndani yake. Ukipunguza ukubwa wa ukurasa, kompyuta inalainisha kingo za nukta zinakuwa kijivu. Mashine nayo haina wino wa kijivu, inaigiza kijivu kwa nukta zake yenyewe. Nukta zako zikilaliana na zake kwa pembe tofauti, ndiyo mabaka hayo ya kitenge. Dawa: chora kwa ukubwa utakaochapwa au panga ukubwa kabla ya kuweka toni, kisha hifadhi kwa nyeusi na nyeupe tupu, nukta 600 kwa inchi au 1,200, na mwambie mchapaji asiguse. Omba ukurasa mmoja wa majaribio, na uwe huohuo wa bahari. Usikubali kuonyeshwa kwenye skrini.

Kuhusu neno: hapa Toronto ndiko hadithi ya Scott Pilgrim inakotokea. Bryan Lee O'Malley alitoa juzuu sita kati ya 2004 na 2010, umbo dogo, nyeusi na nyeupe, macho makubwa, kila mtu anaona ameinywa manga. Aliyeitoa ni Oni Press, wachapishaji wa katuni za kawaida, na ikasimama kama katuni. Chmakova naye, mwaka 2015 ametoa Awkward, hadithi ya watoto wa shule, mkono wake ni uleule wa Dramacon lakini ni kitabu cha watoto cha rangi, kinaingia mashuleni na maktaba. Maktaba, mkuu. Maktaba ikinunua harudishi mtu boksi.

---

Kalamu_Nyeusi

Wakuu, nimesoma yote asubuhi nikiwa kwenye basi, nimerudia tena nilipofika nyumbani. Asanteni sana. Mama Rafu, shikamoo. Ile ya msichana wa kila majira ya joto imenikaa kifuani.

FundiWino, ni kweli, lilikuwa faili la kijivu, na nilichora kwa karatasi kubwa kisha nikapunguza. Jana nimeitoa upya ile bahari kama ulivyosema, mchapaji wa mtaani kaniuzia karatasi moja kwa senti 25. Nimeiweka chini ya taa, nukta zimekaa kila moja mahali pake, na kwa mara ya kwanza mwezi unaonekana juu ya maji kama nilivyouona kule Deep Sea, Tanga, nikiwa mdogo. Nimeibandika juu ya meza.

Kivu_Lyon, nimekwenda na rula kwenye rafu ya duka. Changu kimezidi vya Kijapani sentimita mbili kwa urefu, na mgongoni sina namba, nina jina langu kwa herufi nyembamba za kijivu zisizosomeka ukisimama hatua moja. Kwa miezi kadhaa nilikuwa namlaumu yule mteja aliyelalamika, wakati kitabu chenyewe kilikuwa kimejitenga.

Maktaba nimekwenda leo. Dada wa kitengo cha vijana amekifungua, tena kwa mbele, amesoma kurasa kama kumi amesimama, kisha akauliza swali moja tu: "Ya pili inatoka lini?" Nikamwambia ukweli kwamba sijui. Akaandika jina langu kwenye karatasi, akasema wakiwa na hadithi nzima wanaweza kuagiza kwa matawi kadhaa, lakini nusu hawawezi kuwapa watoto.

Kwa hiyo nimekaa na daftari na kuikata hadithi. Ilikuwa iwe juzuu sita. Kwa mwendo wangu hiyo ni miaka kumi, na yule binti wa tamasha atakuwa mama wa watoto. Itakuwa mbili. Visa vya mjomba wa Pangani vinatoka, na moyo unauma kwa sababu nilivipenda, lakini si vya silikanti. Jarida la mtandaoni nitalipelekea sura mbili za mwanzo, hizo zisomwe bure, na JichoLaMsomaji nakuwekea nakala zako mbili pamoja.

Neno manga linabaki, ila linashuka kutoka jaladani kwenda nyuma, kwenye mstari wa maelezo. Mwelekeo nao unabaki wa kushoto. Kugeuza kurasa 176 ni kuwafanya wavuvi wote wa Tanga kuwa mashoto, na kofia, na makovu, na upande jua linakozamia; sitaki bahari yangu ikae upande usio wake.

Lakini ukurasa wa mwisho nauhamisha. Ngalawa iliyopinduka itaingia ndani, kurasa mbili kabla. Kwenye karatasi ya mwisho kabisa, ile anayoifungua aliyezoea kuanzia kulia, nimeanza kumchora binti amekaa ukingoni mwa gati, mgongo kwetu, ananyoosha kidole upande wa pili wa kitabu.